Barafu ya saa nane mchana: Hatari ya ndege ndogo juu ya mashamba ya chai

Ukiambiwa kwamba injini ya ndege yaweza kuzimwa na barafu saa nane mchana, karibu na mstari wa ikweta, bila shaka utacheka. Utasema barafu ni mambo ya Ulaya, au ya kilele cha Mlima Kenya, au ya friji yako jikoni. Lakini usicheke upesi. Rubani anayerusha ndege ndogo kuelekea Kericho na Bomet ana barafu za aina tatu za kuogopa, na moja kati ya hizo humvamia angali amevaa shati la mikono mifupi.

Kwanza ifahamu nchi yenyewe. Mji wa Kericho uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mchana, upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda kuelekea milimani na kukutana na pepo zinazotoka mashariki. Hewa hiyo husukumwa juu, ikapoa, ikawa mawingu makubwa meusi. Ndiyo maana mkulima wa huko huona jua asubuhi na ngurumo alasiri. Unyevu huo ndio unaostawisha majani chai. Unyevu huo huo ndio adui wa rubani.

Barafu ndani ya injini

Ndege nyingi ndogo za kufundishia marubani, kwa mfano Cessna 150 na Cessna 172 za zamani, zina kabureta kama magari ya zamani. Ndani ya kabureta hewa hupita kwenye koo jembamba na kuchanganyika na petroli. Petroli inapogeuka mvuke hunyonya joto. Hebu jipake spiriti mkononi uone jinsi ngozi inavyopoa. Basi ndani ya koo hilo joto laweza kushuka kwa nyuzi 20 au zaidi. Ikiwa nje ni nyuzi 18 na hewa ina unyevu mwingi, ndani ya kabureta maji huganda. Barafu hujijenga kidogo kidogo, koo likazidi kuwa jembamba, injini ikakosa pumzi.

Jambo la kutisha ni kwamba hakuna kengele inayolia. Mzunguko wa propela hupungua polepole, na rubani asiye makini hudhani ni mkono wake uliolegeza mafuta. Baadaye injini hukohoa, kisha kimya. Hatari huwa kubwa zaidi ndege inaposhuka kutua, kwa sababu wakati huo rubani amepunguza nguvu za injini na koo la kabureta limebanwa tayari.

Dawa iko. Ndani ya ndege hizo mna kishikio cha kuingiza hewa moto kwenye kabureta. Rubani akikivuta, injini huweza kukohoa zaidi kwa muda, kwa kuwa barafu inayeyuka na maji yanapita ndani. Anayepata hofu akakirudisha haraka hujiharibia mwenyewe. Wanafunzi mnaoota kuwa marubani, likumbukeni hilo: dawa chungu haitemwi.

Barafu juu ya mabawa

Barafu ya pili huishi juu zaidi. Katika nchi za ikweta, hewa hufikia kiwango cha kuganda kwenye futi 15,000 au 16,000 hivi. Ndege nyingi ndogo hazifiki huko. Hata hivyo, ndani ya wingu la radi mna upepo unaoweza kuibeba ndege juu bila idhini ya rubani. Humo mna matone ya maji yaliyopoa kupita kiwango cha kuganda lakini bado ni maji. Yakiguswa tu na bawa, huganda papo hapo.

Barafu nyembamba yenye mikwaruzo kama msasa yaweza kupunguza nguvu ya bawa ya kuinua ndege kwa asilimia 30, na kuongeza ukinzani wa hewa kwa asilimia 40. Kibomba cha kupimia mwendo nacho huziba, na saa ya mwendo ikaanza kusema uongo. Ndege kubwa za abiria zina vifaa vya kuyeyusha barafu. Ndege ndogo nyingi hazina.

Mvua ya mawe

Barafu ya tatu wenyeji wanaijua vizuri. Kericho na Nandi Hills ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa sana na mvua ya mawe duniani. Hata majani chai yenyewe yameshukiwa kuchangia. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 1982 ulionyesha kwamba vumbi la majani makavu ya chai lina chembe zinazosaidia maji kuganda mapema.

Hasara ilikuwa kubwa mno, hata katika miaka ya 1960 wenye mashamba wakajaribu kuyapiga mawingu kwa roketi. Mwishoni mwa miaka hiyo zikaletwa ndege ndogo. Marubani waliyafuata mawingu ambayo wenzao waliyakimbia, wakimwaga moshi wa iodidi ya fedha ili barafu igawanyike kuwa vipande vidogo vingi, viyeyuke kabla ya kufika kwenye michai. Ilikuwa kazi ya watu waliosomea hatari hiyo na kujiandaa kwayo. Haikuwa ya kuigwa na mtu aendaye harusini.

Mwenye haraka ni nani?

Watu wa Bomet na Sotik hawajasahau tarehe 10 Juni 2008. Siku hiyo Cessna 210 iliyotoka Nairobi kuelekea Kericho ilianguka Enoosupukia, Narok. Waliangamia Waziri wa Barabara Kipkalya Kones, Waziri Msaidizi Lorna Laboso na wenzao wawili. Hatuitaji ajali hiyo kwa kusema barafu ndiyo iliyoiangusha. Twaitaja kwa kuwa njia ile, yenye Bonde la Ufa, milima ya Mau na mawingu yake, haina huruma kwa ndege ndogo.

Mara nyingi mwenye haraka si rubani bali abiria. Kuna mazishi, kuna harambee, kuna mkutano, na watu wanangoja. Mkubwa anatazama saa yake, na rubani kijana anaona haya kusema hapana. Hapo ndipo ajali huanza, ndege ikiwa bado iko chini Uwanja wa Wilson.

Kwa hiyo, baba, mama, nawe mwanafunzi, siku ukibahatika kusafiri kwa ndege ndogo kwenda nchi ya chai, chagua safari ya asubuhi kabla mawingu hayajakusanyika. Muulize rubani kama amepata habari za hali ya hewa. Akikwambia tungoje, au turudi, au twende kwa gari, mshukuru. Barabara ya Nakuru ni ndefu, lakini wahenga walikwisha kutuambia: kawia ufike.