Pakanga au gugu karoti? Namna ya kuitambua mimea inayochanganywa Juba

Mitishamba huingia Juba kwa njia zilezile zinazoleta vitunguu na sabuni: malori yanayopanda kutoka Kampala na Nairobi kupitia Nimule, na wafanyabiashara wanaoshuka kutoka Sudan. Ndiyo maana katika soko kama Konyo Konyo, kile ambacho muuzaji aliyetoka Khartoum anakiita shih, mteja aliyekulia Kakuma anaweza kukiita atemisia, na Mtanzania akasema ni pakanga. Kila mmoja hunusa, huonja, akaridhika kwamba ni chungu. Lakini uchungu na harufu kali havithibitishi kitu. Mimea mingi ya ukoo wa alizeti ina sifa hizo, na mingine inadhuru.

Jenasi ya Artemisia ina mamia ya spishi duniani. Inayosakwa na viwanda vya dawa za malaria ni moja, Artemisia annua, kwa sababu ndiyo yenye artemisinini ya kutosha kuvunwa. Mwaka 1972 kikundi cha mwanasayansi wa China, Tu Youyou, kilifanikiwa kuitenga kemikali hiyo baada ya kuacha kuchemsha majani na kutumia etha kwenye joto la chini, kwa kuwa joto kali lilikuwa likiiharibu. Mwaka 2015 mama huyo alipata Tuzo ya Nobel. Dawa mseto zinazotolewa katika vituo vya afya vya Juba leo zinatokana na kemikali hiyohiyo.

Mmea wenyewe unatambulika ukiwa hai. A. annua ni wa msimu mmoja: huota, huchanua, hutoa mbegu, hufa. Shina lake ni moja, limenyooka, na huweza kupita urefu wa mita 2. Majani ni ya kijani kibichi, yamechanika mara mbili hadi tatu kama ya kangaga, na juu na chini yana rangi ileile. Ukilifikicha jani, hutoa harufu tamu. Maua ni vitufe vidogo vya manjano vinavyoinamia chini, visivyo na petali za pembeni. Kwa kioo cha kukuza huonekana vitone vinavyong'aa juu ya jani. Hivyo ni tezi, na artemisinini hutengenezwa humo.

Kuupanda Juba kuna mtego wake. Mmea huu huchanua mchana unapokuwa mfupi, na karibu na ikweta mchana hauzidi sana saa 12 mwaka mzima. Mimea ya mbegu zilizotoka nchi za mbali huharakisha kuchanua ikiwa bado mifupi, yenye majani machache. Hii ni sababu mojawapo ya wakulima wa Afrika Mashariki, kama wale wa Kabale nchini Uganda, kutumia mbegu zinazochelewa kuchanua, tena katika maeneo ya baridi.

Ndugu yake wa Kiafrika, Artemisia afra, ni kichaka kinachodumu miaka mingi. Shina lake hugeuka mti kwa chini, majani yana rangi ya kijivu, na upande wa chini una vinyweleo vyeupe. Harufu yake ni kali kuliko tamu. Huota kwenye miinuko, Kilimanjaro ikiwa mojawapo, ilhali Juba iko mita 550 hivi tu juu ya usawa wa bahari. Wengi huitumia kwa kikohozi na tumbo, lakini artemisinini yake ni kidogo mno au haipo kabisa.

Shih ya jangwani, Artemisia herba-alba, ni fupi zaidi, na vijani vyake vidogo vimefunikwa na vinyweleo vyeupe. Mafuta yake yanaweza kuwa na thujoni, kemikali ambayo ikizidi mwilini huweza kuleta degedege. Wajawazito waiepuke.

Halafu kuna majirani wanaofanana na Artemisia. Damsisa, Ambrosia maritima, huota kando ya Nile na mifereji huko Sudan na Misri, na majani yake ya kijivu yenye harufu humdanganya hata mzoefu. Maua ndiyo yanayoumbua: ya kiume hupangika kwenye ncha ya tawi, ya kike hujificha chini yake, penye makutano ya jani na shina. Watafiti wameujaribu mmea huo kuua konokono wanaoeneza kichocho. Hiyo ni kazi tofauti kabisa na kuua vimelea vya malaria.

Hatari zaidi ni gugu karoti, Parthenium hysterophorus. Gugu hili la kutoka Amerika limeenea Ethiopia, Kenya na Uganda, na mwaka 2010 liligunduliwa Arusha. Likiwa changa hutandaza majani ardhini kama karoti. Likikomaa, shina huwa na mifereji na maua huwa meupe, madogo, yenye pembe tano. Kulishika mara kwa mara huleta ukurutu, na chavua yake huamsha pumu. Ua jeupe ni ishara tosha ya kuuacha mmea huo.

Tatizo ni kwamba sokoni mmea hufika umekauka, mara nyingi umesagwa. Unga hauna ua, shina wala upande wa chini wa jani. Hapo macho hayasaidii tena. Kinachohitajika ni vipimo vya maabara.

Hata spishi ikiwa sahihi, chai yake si tiba. Artemisinini haiyeyuki vizuri katika maji, na kiasi chake katika jani kavu huanzia karibu sifuri hadi zaidi ya asilimia 1. Makala ya mwaka 2019, iliyosifu chai ya A. annua na A. afra kutokana na majaribio ya Maniema, mashariki mwa Kongo, iliondolewa baadaye na jarida lililoichapisha. Shirika la Afya Duniani haliungi mkono matumizi ya majani hayo kwa malaria, kwa hofu ya kurudi kwa ugonjwa na ya kuzoesha vimelea dawa.

Hofu hiyo iko karibu na Juba. Mwaka 2021 watafiti waliripoti kwamba Gulu, kaskazini mwa Uganda, wagonjwa 14 kati ya 240 waliochomwa sindano ya artesuneti, dawa itokanayo na artemisinini, walichelewa kusafika vimelea.

Anayetaka kununua mmea huu kwa matumizi mengine aombe kuuona mzima, wenye majani na maua, na akatae unga usiojulikana asili yake. Mwenye homa, hasa mtoto au mjamzito, afike kituo cha afya siku hiyohiyo, apimwe damu, na akikutwa na malaria ameze dawa mseto hadi kumaliza dozi.