Wito wa Mzazi na Msaada wa Serikali

Katika sharika zetu husikika hoja mbili zinazopingana. Wengine husema kwamba malezi ni kazi ya wazazi peke yao, na kwamba msaada wa Serikali huwazidishia uvivu. Wengine huiachia Serikali yote, kana kwamba shule na zahanati zaweza kuwa baba na mama. Tukirudi kwa Luther twaona kwamba hoja zote mbili zimepungukiwa.

Katika Katekisimu Ndogo ya 1529, Luther aliwakabidhi wakuu wa nyumba kazi ya kuwafundisha watoto wao. Hata hivyo, mwaka 1524 alikuwa amewaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani, akiwataka waanzishe shule na kuzigharimia. Alitoa sababu tatu: wazazi wengine hawajali; wengi hawawezi kufundisha; na hata wenye nia na uwezo hawana nafasi, kwa sababu ya kazi na shughuli za nyumba. Sababu hii ya tatu ndiyo inayotuhusu hapa. Luther hakumlaumu mzazi aliyebanwa na kazi, bali aliwataka watawala wamsaidie. Kwa hiyo msaada wa Serikali haumwondolei mzazi wito wake. Humpa nafasi ya kuutimiza.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, yaweza kueleweka hivyo. Ilimpa mama mwajiriwa likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Baba alipewa siku 3. Sheria hainyonyeshi mtoto. Humpatia mama saa za kumnyonyesha. Lakini mama auzaye ndizi sokoni hana mwajiri wa kumwomba likizo, wala mkulima hana.

Hapa swali latugeukia sisi, maana Kanisa nalo ni mwajiri. Je, mwalimu wa chekechea ya usharika anapojifungua hupewa siku zake 84 pamoja na mshahara, au huambiwa kwamba anamtumikia Bwana? Mchungaji awahubiriaye akina baba Efe. 6:4 hana budi kuliuliza kwanza baraza la wazee swali hilo. Na kwa ajili ya mama wa sokoni, chumba cha shule ya Jumapili, ambacho hufungwa siku sita kwa juma, chaweza kufunguliwa asubuhi ili watoto wake watunzwe humo.