Dawa ya wadudu inavyokata pumzi ya mulimaji

Wandugu walimaji, tukisema dawa ya wadudu ni sumu, wengi wanafikiri juu ya tumbo. Lakini kwa dawa za jamii ya organofosfati (diklorvosi, klorpirifosi na malationi ni za jamii hiyo), kinachoua mutu zaidi ni pumzi kukatika.

Aliyepasua mbuzi ameona ile nyama nyembamba inayotenga mapafu na maini. Ni diaframu, na sisi pia tuko nayo. Mapafu yenyewe hayana nguvu ya kuvuta hewa. Diaframu ikijikaza inashuka, misuli ya kati ya mbavu inainua kifua, hewa inaingia. Ikilegea, hewa inatoka. Mutu mukubwa aliyetulia anapumua mara 12 mpaka 20 kwa dakika, hata akiwa usingizini, kwa sababu amri inatoka sehemu ya chini ya ubongo, upande wa kisogo, ambayo haingojei tufikiri. Sehemu hiyo inapima hewa chafu ndani ya damu. Ikizidi, inaongeza mwendo. Ni vile ukipanda mulima na gunia la muhogo unahema bila kujiamuru. Amri inashuka kwa mishipa ya fahamu inayotoka shingoni mpaka diaframu.

Mwisho wa mushipa haugusi musuli. Kuna nafasi ndogo sana, na mushipa unatupa pale kitu kinachoitwa asetilikolini. Musuli unakaza. Halafu enzime moja inafagia ile asetilikolini ili musuli upumzike. Organofosfati inamufunga yule mufagiaji. Amri inabaki palepale, musuli unatetemeka, unachoka, mwisho unalegea. Wakati huohuo makohozi yanajaa katika njia ya hewa, na ubongo wenyewe unapunguza amri.

Dawa inaingia kwa kinywa, kwa pua na kwa ngozi. Pompi inayovuja mugongoni si jambo dogo, zaidi kama jasho linatoka. Na dawa iliyomiminwa katika chupa ya soda, bila karatasi yake, muiache sokoni.

Ukiona mwenzako anatoka mate na jasho jingi, mboni za macho zimekuwa ndogo sana, misuli inachezacheza, usingoje. Mutoe shambani, muvue nguo, mwoshe kwa maji mengi na sabuni, nawe ufunike mikono yako. Akipoteza fahamu, mulaze kwa ubavu ili mate yatoke. Usimupe maziwa wala mawese, wala usimutapishe: kinachorudi juu kinaweza kuingia katika mapafu. Mupeleke pamoja na chupa ya dawa. Wale wa Ubwari wanaotegemea mutumbwi waondoke mapema zaidi.

Hospitalini wanatoa atropini, wanaongeza mpaka kifua kikauke na pumzi iwe nzuri. Lakini atropini haiamshi musuli uliolegea, na hapa ndipo jamaa wengi wanadanganyika. Kati ya siku ya kwanza na ya nne, mugonjwa ambaye tayari anaongea na kula anaweza kulegea shingo, na pumzi ikafuata. Mwambie ainue kichwa kutoka kwenye muto. Akishindwa, ita muganga palepale, hata usiku. Kwa hiyo musimurudishe nyumbani haraka kwa kuogopa bei ya kitanda. Koperative zenye sanduku la kusaidiana zinaweza kulipa siku hizo.