Diski Kubwa, Kompyuta Ileile

Laptop nyingi za mtumba zinazofika Pemba huja na diski ya SSD ya GB 128. Kwa barua na picha chache inatosha. Lakini mwalimu wa Wete mwenye mitihani ya miaka kadhaa, au kijana wa Chake Chake anayehariri video za harusi, huijaza upesi. Akienda kwa fundi, aghalabu huambiwa: nunua diski kubwa, tukupigie Windows upya.

Ushauri huo una gharama ambayo mteja haambiwi. Kupiga Windows kwenyewe ni kazi ya muda mfupi. Mzigo uko katika yanayofuata. Kuna masasisho ya gigabaiti kadhaa ya kushushwa kwa bando la simu, kuna draiva za printa, kuna programu ya hesabu za duka ambayo aliyeiweka keshahamia Unguja, kuna nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari. Kama kompyuta ni nzima na kilichopungua ni nafasi tu, iko njia inayofaa zaidi: kuikloni diski, yaani kuhamishia kwenye diski mpya kila kilichomo kwenye ile ya zamani, pamoja na visivyoonekana.

Hivyo visivyoonekana ndivyo vinavyowakwamisha wengi. Mtu hufungua C, akachagua mafaili yote, akayanakili kwenye diski mpya, kisha akaifunga na kuikuta haiwaki. Kompyuta inapowashwa, Windows siyo ya kwanza kuamka. Programu ndogo iliyo kwenye chipu ya madabodi ndiyo inayotangulia, nayo hutafuta kwenye diski sehemu iliyojificha, mara nyingi ya MB 100 hivi, yenye programu ya kuwashia. Hiyo ndiyo inayojua Windows imekaa wapi. Katika mashine za zamani, mwanzo wa safari hiyo umeandikwa kwenye sekta ya kwanza kabisa ya diski. Vyote hivyo haviguswi na kunakili kwa kawaida. Programu ya kukloni huvichukua vyote, na jedwali linaloonyesha kila sehemu ya diski inaanzia na kuishia wapi.

Clonezilla, programu ya kukloni iliyotengenezwa Taiwan, ni ya bure na huwashwa kutoka kwenye fleshi bila kuhitaji intaneti. Sura yake ni maandishi matupu na huwatisha wageni. Lililo muhimu ni kusoma vizuri ipi ni diski chanzo na ipi ni diski lengwa kabla ya kuthibitisha, kwa sababu ukizigeuza, diski tupu itafuta kazi zako zote. Samsung nao hutoa programu nyepesi zaidi kwa wanunuzi wa diski zao.

Kabla ya kununua, fungua mashine uone inataka diski gani. Diski mbili za M.2 zinaweza kufanana kwa umbo, moja ikawa ya SATA na nyingine ya NVMe, na laptop ikaikubali moja tu. Kwa aliyeagiza Dar es Salaam, kosa hilo maana yake ni diski kurudi na meli na yeye kusubiri nyingine.

Lingine ni diski ghushi, na hapa nawasihi wasomaji wawe wakali. Ukiona SSD ya TB 2 kwa bei inayokaribia ya GB 128, iogope. Kidhibiti cha diski ya namna hiyo kimebadilishwa ili kiitangazie kompyuta ukubwa usiokuwapo. Itapokea mafaili, itaonyesha majina yake, lakini yaliyozidi uwezo wake halisi yatakuwa yamepotea. Ipime ingali tupu: H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux huijaza diski yote kisha huisoma tena. Inaweza kuchukua saa nyingi, zikubali. Usishtuke lakini kuona diski ya GB 500 ikionyesha 465, kwani kiwanda huhesabu gigabaiti kwa mafungu ya 1,000 na Windows huihesabu kwa mafungu ya 1,024. Hapo hujaibiwa.

Itazame na ile ya zamani. Programu ya CrystalDiskInfo, inayopima afya ya diski, ikionya kwamba inakufa, okoa nyaraka kwanza, kukloni baadaye. Na kama mashine imejaa virusi, mpe fundi haki yake apige Windows upya, kwa maana kloni huhamisha na virusi. Laptop nyingi za karibuni zimefungwa kwa BitLocker, usimbaji wa Windows, bila mwenyewe kujua. Uzime usimbaji huo kwanza, na uandike pembeni ufunguo wa kuokolea, wenye tarakimu 48.

Kisha umeme. Tangu 2010 Pemba inapata umeme kwa kebo ya chini ya bahari kutoka Tanga, badala ya majenereta ya dizeli, na hitilafu ya Bara inaweza kuzima kisiwa kizima. Kukloni GB 120 kupitia tundu la USB 2, kwa mwendo wa MB 30 hivi kwa sekunde, ni zaidi ya saa moja. Kwa USB 3 inaweza kuwa theluthi ya hapo. Laptop iwe na betri iliyojaa. Kompyuta ya mezani iwe na UPS, au kazi isubiri. Umeme ukikatika katikati, diski ya zamani kwa kawaida haidhuriki kwa kuwa inasomwa tu, ila ile mpya utaianza upya.

Kazi ikiisha, zima mashine, toa diski ya zamani, funga mpya na uiwashe ikiwa peke yake. Diski hizi sasa zina kitambulisho kimoja, na zikikaa pamoja Windows huweza kuizima moja, au mashine ikaendelea kuwaka kwa ile ya zamani nawe ukidhani umeshahama. Leseni ya Windows kwa kawaida haipotei, maana hufuata zaidi madabodi.

Huenda ukakuta C bado ni ndogo na nafasi mpya imekaa nyuma bila kazi, ikitenganishwa nayo na sehemu ya ukarabati. Windows yenyewe haitakubali kuiruka. Programu ya GParted, ya bure pia, huisogeza sehemu hiyo hadi mwisho wa diski, kisha C hunyooshwa.

Diski ya zamani usiifute wiki hiyo. Fanya kazi zako zote za kawaida kwenye mpya: chapisha, fungua hesabu za duka, iache mashine ijisasishe. Ukiridhika, ifute yote kabla ya kuiuza, kwa sababu anayeinunua ananunua pia mitihani na picha zilizobaki ndani yake.