Mhandisi yuko ghalani, darasa la fizikia halina mwalimu

Hivi karibuni tulihudhuria hitma ya mzee wetu mmoja mashariki ya London. Baada ya dua na pilau tulibaki tumekaa tukinywa chai, na kama ilivyo ada yetu ughaibuni mazungumzo yakahamia kwenye kazi na makaratasi. Kijana mmoja, umri wake miaka 35 hivi, alitueleza kuwa anapanga mizigo ghalani usiku kucha, kuanzia saa nne hadi saa kumi na mbili asubuhi. Tulipomuuliza alisomea nini nyumbani, alijibu kwa sauti ya chini: uhandisi wa umeme, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

"Sasa mwanangu, kwa nini usifundishe fizikia?" akauliza mzee mmoja.

"Mzee wangu, cheti changu kinasema uhandisi, hakisemi fizikia. Isitoshe, cha kwetu hawakitambui hawa."

Jibu hilo tumelisikia kwa madereva wa teksi, kwa walinzi, na kwa akina dada wanaowahudumia wazee. Tumeona tuandike makala haya kwa sababu kijana yule amekosea mara mbili. Cheti chake kinaweza kutambuliwa, na wala si lazima kiwe na neno fizikia.

Uhaba ulivyo

Uingereza imekuwa na uhaba mkubwa wa walimu wa fizikia kwa miaka mingi. Kwa mwaka wa masomo 2023/24, waliojiunga na mafunzo ya ualimu wa somo hilo katika shule za sekondari walikuwa takriban asilimia 17 tu ya lengo la serikali. Matokeo yake, watoto wengi, na wetu wakiwemo, hufundishwa fizikia na mwalimu aliyesomea baiolojia. Sababu si ngumu kuielewa. Mtu mwenye shahada ya fizikia hutafutwa pia na mabenki na makampuni ya kompyuta, ambako mshahara ni mnono zaidi.

Shahada gani inatakiwa?

Hapa tunazungumzia England peke yake, maana Wales, Uskoti na Ireland ya Kaskazini zina taratibu zao. Uskoti, kwa mfano, huhesabu kiasi cha fizikia kilichomo ndani ya shahada yenyewe.

Katika England, anayetaka kupata hadhi ya mwalimu aliyehitimu, maarufu kwa herufi QTS, anatakiwa awe na shahada ya kwanza ya Uingereza au inayolingana nayo. Kanuni haisemi lazima iwe shahada ya fizikia. Anayeamua kama unalijua somo vya kutosha ni chuo au shule itakayokufundisha ualimu, na huangalia shahada yako yote, alama zako za kidato cha sita na kazi ulizofanya. Uhandisi wa umeme, wa mitambo au wa ujenzi una fizikia tele ndani yake. Serikali yenyewe iliona jambo hilo, na ndiyo maana ilianzisha mafunzo maalumu ya kuwageuza wahandisi kuwa walimu wa fizikia.

Je, kama umesahau? Nani anakumbuka mambo ya mawimbi na nyuklia baada ya miaka kumi ya ghalani! Kwa ajili hiyo kuna kozi za kunoa somo kabla ya kuanza mafunzo yenyewe, za kati ya wiki 8 na 28 kulingana na pengo ulilonalo. Chuo kinaweza kukupa nafasi kwa sharti kwamba umalize kozi hiyo kwanza.

Vyuo vingi hutaka angalau daraja la pili la chini, na ndilo kwa kawaida linalofungua mlango wa ruzuku ya masomo. Kwa mwaka wa masomo 2025/26 ruzuku ya fizikia ilikuwa pauni 29,000, na haikatwi kodi wala hairudishwi. Karo kwa mwenyeji mwaka huo ilifika pauni 9,535, na inaweza kulipwa kwa mkopo wa serikali. Aliyekwisha kutambuliwa kama mkimbizi huhesabiwa kuwa mwenyeji katika karo. Kwa walio hapa kwa viza, masharti hubadilika mara kwa mara, kwa hiyo ulizeni chuo kwa maandishi kabla ya kuacha kazi.

Kikwazo kiko kidato cha nne

Wengi huenda mbio na cheti cha chuo kikuu wakasahau cha kidato cha nne. Hicho ndicho kinachowakwamisha, maana kanuni inataka pia Kiingereza na Hisabati kwa kiwango cha GCSE daraja la 4, ambalo zamani liliitwa C. Cheti chako cha kidato cha nne cha Tanzania, au KCSE ya Kenya, kinaweza kulinganishwa na kiwango hicho. Alama zikiwa pungufu si mwisho wa safari, kwa sababu vyuo vingi hukubali mtihani maalumu wa kulinganisha.

Kazi ya kulinganisha vyeti vya nje hufanywa na UK ENIC, ambayo kabla ya mwaka 2021 iliitwa UK NARIC. Wao hutoa barua inayosema shahada yako inalingana na kiwango gani cha hapa. Huduma hiyo hulipiwa, lakini muulize kwanza mshauri wa serikali wa wanaotaka ualimu, kwani kupitia kwake waombaji wamekuwa wakiipata bure.

Kuna na jambo la cheti cha tabia njema. Aliyeishi nje ya Uingereza huweza kuombwa uthibitisho wa polisi wa huko alikotoka. Kwa mwenzetu aliyeondoka kwa amani ni suala la foleni na ada. Kwa sisi tulioondoka kwa njia nyingine, kubisha hodi ubalozini ni jambo zito. Elezeni hali yenu mapema. Pale ambapo hati haipatikani, shule inatakiwa kutafuta uthibitisho mwingine, kama barua za wanaokufahamu.

Mwaka mmoja wa jasho

Mafunzo yenyewe, yajulikanayo kama PGCE, huanza Septemba na kumalizika kiangazi kinachofuata. Sehemu kubwa hufanyika darasani, katika shule zisizopungua mbili. Si jambo geni kwetu. Nyumbani nako, mwenye shahada ya sayansi isiyo ya ualimu husoma stashahada ya uzamili ya ualimu kabla ya kushika chaki. Tofauti ni kwamba huko mlango hufungwa mapema. Kenya, tume ya walimu hutaka C+ ya jumla katika KCSE na C+ katika masomo mawili ya kufundishia, na Tanzania njia ya mwalimu wa fizikia huamuliwa na michepuo ya kidato cha tano kama PCM.

Baada ya PGCE kuna miaka miwili ya mwalimu mpya, akiwa kazini na analipwa. Mshahara wa kuanzia katika shule za serikali nje ya London kwa mwaka 2025/26 ulikuwa pauni 32,916.

Hatutaki kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Kusimama mbele ya vijana 30 wa miaka 14, wanaocheka lafudhi yako, si mchezo. Wapo waliokata tamaa kabla ya Krismasi. Nendeni kwanza mkakae siku mbili tatu ndani ya shule mkajionee.

Na nyumbani je?

Tunajua wasomaji wetu wa Dar, Mombasa na Unguja watauliza: mbona mnawavuta walimu, na sisi huku hatunao? Swali ni la haki, kwani maabara nyingi za kwetu zina vifaa vichache na walimu wachache zaidi. Lakini makala haya hayamwiti mtu apande ndege, na atakayekuuzia QTS kwa dola huko nyumbani ni tapeli. Tunazungumza na waliokwishafika. Mhandisi anayepanga mizigo usiku hafundishi Temeke, hafundishi London. Akishika chaki hapa, siku atakayorudi atarudi na taaluma mikononi.

Kijana wetu wa hitma tulimpigia simu wiki hii. Ameshamwandikia mdogo wake Dar aende chuoni kumchukulia transkripti. Alituambia kitu kimoja tu kinamtia hofu: hisabati ya kidato cha nne alipata D.

Tulimjibu kwamba mtihani upo, na miezi bado ipo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.