Mpango wa Matunzo kwa Mjane Mzee Mwenye Dimensia Anayeishi Peke Yake: Mazingira ya Tinde, Shinyanga

Tinde ni mji mdogo wa Wilaya ya Shinyanga, mahali ambapo barabara itokayo Nzega hugawanyika: moja huelekea Shinyanga na Mwanza, nyingine Isaka na Kahama. Kwa njia hizo vijana wengi huenda kwenye machimbo ya dhahabu ya Kahama na Geita, na mama mjane hubaki peke yake katika kaya iliyozungushiwa minyaa. Fedha humfikia kwa simu. Mtu wa kumwangalia hamfikii.

Dimensia ni maradhi ya ubongo yanayodhoofisha kumbukumbu, lugha na uamuzi. Si maradhi adimu. Utafiti uliohusisha wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea wilayani Hai, Kilimanjaro, ulikadiria kuwa asilimia 6.4 wanayo. Mipango ya matunzo kwa kawaida huanza na dawa, lishe na usafi. Katika Usukuma, ambako wanawake wazee wamewahi kuuawa kwa kudhaniwa wachawi, mpango hauna budi kuanza na tuhuma. Mgonjwa huamka usiku na kutangatanga, huingia ua wa jirani akidhani ni wake, huzungumza na marehemu mumewe, humshutumu mkwewe kwa wizi. Anayeamini uchawi huziona dalili hizo kuwa ushahidi. Macho yaliyowekundu kwa miaka mingi ya moshi jikoni huongezwa kwenye hesabu hiyo.

Hivyo uchunguzi wa hospitali una kazi mbili. Kwanza, hubaini hali zinazofanana na dimensia na zinazotibika, kama vile maambukizi, sonona na upungufu wa vitamini. Mkanganyiko uliozuka ndani ya siku chache ni dharura. Pili, huipa familia jina la ugonjwa linaloweza kutamkwa mbele ya watu. Siri ya mgonjwa ni haki yake, na ridhaa yake hutafutwa angali anaelewa. Hata hivyo, katika mazingira haya ukimya ni hatari zaidi. Inafaa mhudumu wa afya wa jamii awaeleze majirani wa karibu, mwenyekiti wa kitongoji akiwapo, na mtoto aliyeko machimboni akisikiliza kwa simu, ili asije kudai baadaye kwamba hakuambiwa.

Desturi ya kumpeleka mjukuu akaishi na bibi husaidia, lakini mtoto wa miaka tisa hawezi kuwa mlinzi wa usiku, na aghalabu anayeachishwa masomo ni msichana. Afadhali mtu mzima alale hapo kwa zamu, moto wa mafiga uzimwe kabla ya giza, na kisima kifunikwe.

Suala la ardhi huachwa mwisho, ingawa ndilo lenye uzito. Kanuni za sheria za kimila zilizotangazwa mwaka 1963 humnyima mjane urithi iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Wajane wawili waliobanwa na kanuni hizo chini ya mila za Kisukuma walifika hadi Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake, ambayo mwaka 2015 iliona kuwa Tanzania ilikiuka haki zao. Mjane anayesahau mipaka ya shamba lake ni rahisi kupokonywa, na tuhuma ya uchawi huweza kuwa njia ya kumwondoa. Mipaka na haki zake ziandikwe katika ofisi ya kijiji mapema, angali anaweza kuionyesha kwa mkono wake mwenyewe.