Makaburi ya Ukoo wa Kong: Nasaba Isomwayo Ardhini

Mjini Qufu, mkoani Shandong nchini China, amezikwa Confucius (551–479 KK) pamoja na wazao wake zaidi ya 100,000. Kaburi lake limepakana na la mwanawe na la mjukuu wake. Mpangilio huo Wachina huueleza kuwa ni kumshika mwana mkono na kumpakata mjukuu. Hivyo basi, mgeni aliyezuru huisoma nasaba kabla hajasoma maandishi. Mwaka 1966, wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, Walinzi Wekundu walilivunja jiwe la kaburi la Confucius na kuyafukua makaburi mengine. Jiwe hilo liliungwa baadaye, lakini nyufa zake zingali zinaonekana. Kwa mwanafasihi, nyufa hizo nazo ni maandishi yanayostahili kusomwa.